Mtoto wa Chini ya Malori

Dada yangu Anyait anasomea katuni. Nasema hivyo makusudi, maana nikisema hivyo mbele yake hukasirika mpaka pua inatanuka. Jina lenyewe la masomo ni refu: shahada ya uzamili ya uhuishaji na uelekezaji wa michezo ya kompyuta. Mara ya kwanza aliponitajia nilikuwa nakula, nikaacha kutafuna. Nikamuuliza inakuwaje mtu mzima, mwenye digrii tayari, aende kuongezewa digrii nyingine ya kuchora wanasesere. Akanijibu kwamba mimi nilisoma chuo kizima ili nije kugonga mihuri. Hapo tukawa sare.

Mimi naitwa Okiria, ni wakala wa forodha hapa Malaba. Kazi yangu ni kuhakikisha mzigo wa mtu unavuka kwenda Uganda kabla haujaozea foleni. Na foleni yetu aliyewahi kuiona haisahau: malori yamejipanga ubavuni mwa barabara kutoka mpakani kurudi nyuma mpaka Amagoro na zaidi, madereva wanapikia chini ya trela na kuanika suruali kwenye vioo. Nyumba tuliyopanga mimi na mke wangu Sylvia iko nyuma ya foleni hiyohiyo. Ukifungua mlango wa mbele unatazamana na magurudumu. Anyait alihamia kwetu kwa sababu kwa mama, kule Chakol, mtandao unaupata ukipanda kichuguu. Chuo chake kiko Nairobi, lakini masomo mengi aliyafanyia kwenye kompyuta, akienda huko mara mojamoja kuonyesha kazi yake.

Taratibu nilianza kuelewa anachofanya, ingawa sikumwambia. Mwelekezaji wa gemu si mchoraji tu. Ndiye anayeamua mchezaji aone nini, asikie nini, aanze kuogopa saa ngapi. Anyait aliweza kukaa wiki nzima akichora hatua moja ya mtoto: kisigino kinavyogusa chini, kidole gumba kinavyosukuma, bega linavyoshuka. Alipotaka kujua miguu ya mtu inaonekanaje ukiwa umelala chini ya lori, alienda akalala chini ya lori, simu mkononi. Dereva mmoja wa Kampala alishuka mbio akidhani ni mwizi wa dizeli. Nilimkuta amemwinulia rungu, naye Anyait bado anamwomba asogee kidogo ili apate mwanga.

"Boss, huyu ni mtu wako?" dereva akaniuliza.

"Ni dada yangu."

"Pole sana, ssebo," akasema, na alimaanisha.

Kazi yake ya mwisho, ile ambayo angeitetea mbele ya jopo ili apewe shahada, ilikuwa gemu moja. Msimamizi wake alikuwa amemkataza majumba ya kifalme na majoka, akamwambia alete kitu cha kwao. Anyait akaleta malori. Kisha akaleta Alinga.

Alinga alikuwa shangazi yetu, dada mdogo wa marehemu baba. Alipotea hapahapa Malaba akiwa mtoto wa miaka minane hivi, mwaka ule wa vita vya ng'ambo, Uganda, watu walipokuwa wakivuka daraja na magodoro kichwani. Hakuonekana tena, si mzima si maiti, na kwa hiyo hakuzikwa. Sisi watoto tulijua hayo tu. Tulijua pia kwamba jina lake halikupata mtu. Kwetu Teso mtoto hachaguliwi jina, anachagua mwenyewe: bibi yake anachovya kidole kwenye ajono, pombe yetu ya wimbi, anamtia mtoto mdomoni huku akitaja majina ya watu wa ukoo waliotangulia, na jina ambalo mtoto atanyonya kidole likitajwa ndilo lake. Alinga lilitajwa kwa kila msichana aliyezaliwa kwetu, na kila mmoja alikaza midomo. Hata Anyait mwenyewe alilikataa.

"Kwa hivyo ni jina halina mtu," aliniambia siku alipoamua. "Sikopi la mtu yeyote."

Gemu lilikuwa hivi. Wewe mchezaji unatembea kando ya foleni ya malori isiyoisha, unamtafuta mtoto. Humwoni vizuri. Unaona miguu yake nyuma ya gurudumu, au pindo la gauni likipita kati ya trela mbili. Huna kitufe cha kumkamata. Una sauti yako tu: kompyuta inakusikiliza kwa maiki, na ukiita "Alinga" unasikia nyayo zake kwenye kokoto, anasogea kidogo, halafu anajificha tena. Anyait aliweka sheria mbili. Mtoto hafiki kwako, na uso wake hauonekani. Hakuuchora kabisa, hata kwa jaribio.

"Nikimpa uso watu watamwonea huruma waridhike," alisema. "Mimi nataka wamtafute."

Ili gemu litambue sauti za watu tofauti, ilibidi tumwitie. Niliita mimi, kwa ukali, kwa upole, kwa uchovu wa mtu aliyetoka foleni. Akaita Sylvia, ambaye wakati huo alikuwa na mimba yetu ya kwanza ya miezi mitano. Sylvia ni Msamia wa Sigalame, jina lile halikuwa na uzito wowote kwake, na huenda ndiyo sababu aliita vizuri kutushinda. Aliita kama mtu anayemwita mwanawe aje aoge. Halafu Anyait mwenyewe, kila siku, asubuhi mpaka jioni, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya joto, akijaribu na kurekebisha na kujaribu tena. Alinga. Alinga, weh. Alinga, njoo.

Tulizoea. Nyumba za watu zina redio, yetu ilikuwa na hiyo.

Mabadiliko ya kwanza aliyaona Anyait, na hakuyapenda. Mtoto wa kwenye gemu alikuwa anaitikia sauti ya Sylvia haraka kuliko zetu. Kisha akawa haendi tena kujificha Sylvia akimwita, anabaki palepale aliposimama. Kisha akawa anatoka bila kuitwa, Sylvia akicheka tu jikoni au akizungumza na mama yake kwa simu.

"Ni bug, bro," Anyait aliniambia. "Maiki inashika voice yake vibaya. Nitarekebisha."

Alirekebisha. Akaenda nayo Nairobi, huko mtoto akawa na adabu zake zote: ukimwita mara tatu anasogea, anajificha. Akarudi nayo Malaba, na siku hiyohiyo, Sylvia aliposema tu "chai iko tayari," zikasikika nyayo kwenye kokoto.

Mchana mmoja nilikuja kula nikamkuta Sylvia amelala kwenye kochi na Anyait yuko nje anaanika nguo. Kompyuta ilikuwa mezani, wazi, peke yake. Kwenye skrini mtoto alikuwa ametoka nyuma ya malori. Alikuwa amesimama mahali peupe, amenipa mgongo, karibu sana, karibu kuliko alivyoruhusiwa na aliyemtengeneza, mpaka ungeweza kuhesabu nyuzi zilizofumuka kwenye gauni. Hakuwa anafanya lolote. Alikuwa anangoja. Nikafunga kompyuta. Nyayo ziliendelea kidogo mle ndani, zikanyamaza. Nilijiambia ni spika. Lakini niliogopa, nasema wazi, nikamwamsha Sylvia bila sababu na akanigombeza.

Juma lilelile Ziada aliniita. Ziada ana duka la jumla mlango wa pili kutoka kwetu, mchele, sabuni, mafuta ya kupikia. Ametoka Busia mjini miaka ya karibuni tu, ni mwanamke wa sala tano asiye na muda wa porojo.

"Jirani, mkataze yule mtoto wenu," akaniambia huku akipima sukari.

"Mtoto gani, mama?"

"Si huyo Alinga! Kila siku mnamwita, hasikii. Leo nimemwona miguu yake chini ya lile lori la saruji. Hana viatu. Dereva akiwasha gari ghafla je?"

Nikacheka. Nikamweleza habari za gemu, za kompyuta, za chuo cha Nairobi. Ziada alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mfuko wa sukari, akanipa.

"Sawa," akasema. "Basi yule niliyemwona ni wa nani?"

Nikalipa sukari nikaondoka, na Sylvia sikumwambia.

Mama alikuja mwezi wa mwisho wa mimba, na ajono yake kwenye mtungi. Jina lake ni Among, na hana mchezo. Alishuka kwenye pikipiki, akalipa, akaanza kutembea kuja mlangoni, na wakati huohuo Anyait ndani alikuwa akijaribu maiki. Alinga. Alinga, njoo. Mama alisimama na mzigo kichwani. Hakuingia. Aliuteremsha mzigo kwenye changarawe, akaukalia, akatazama malori. Nilipotoka kumpokea alikuwa amefunika mdomo kwa kanga.

"Mwambie anyamaze," akasema.

Anyait alinyamaza, na tangu siku hiyo aliita akiwa chumbani kwake, mlango umefungwa, kwa sauti ya chini. Hilo lilikuwa baya zaidi. Ukilala unasikia mtu anaitwa polepole ukutani.

Mtoto wetu alizaliwa salama, msichana, mzito, analia vizuri. Ila hakunyonya. Sylvia alimweka kifuani, mtoto akageuza uso. Wauguzi wakamshika kichwa, wakambana, wakamtekenya nyayo, wapi. Maziwa ya kijiko yalimwagika pembeni. Daktari alimpima kila mahali akakosa ugonjwa, akasema wengine huchelewa, tukaruhusiwa kwenda nyumbani na maagizo ya kumrudisha akizidi. Mama alisema atanyonya akishapewa jina. Mtoto asiye na jina ataitwaje aje kunyonya, alisema. Nikaona ni maneno ya wazee, lakini sikuwa na mengine.

Tukakaa sebuleni: mama, Sylvia na mtoto mapajani, mimi, Anyait. Mama akachovya kidole. Akasema, "Alupo," akamtia mtoto mdomoni. Midomo imebanwa. "Amoding." Imebanwa. Alitaja wote, wa upande wa baba na wa upande wa babu, mpaka jasho likamtoka. Sylvia akaanza kulia, akasema hata la kwao Sigalame litafaa, hata la mtakatifu yeyote wa kanisani. Mama akatikisa kichwa. Lilikuwa limebaki moja, na sote tulijua kwamba amelikwepa.

Akalisema kwa sauti ndogo. "Alinga."

Mtoto akafungua mdomo.

Na chumbani kwa Anyait, ambako kompyuta ilikuwa imeachwa inasikiliza, zikasikika nyayo. Mtoto anakimbia kwenye kokoto, anakuja. Binti yangu, ambaye shingo yake ilikuwa haijaweza hata kubeba kichwa, aligeuza uso upande ule, mdomo wazi, na kidole cha mama kikabaki hewani.

Nyayo zilifika, zikasimama.

Mama akafuta kidole chake kwenye kanga. "Hapa nikiita mmoja wanakuja wawili," akasema. "Huyu analitaka. Lakini anasikia lina mwenyewe."

Ndipo alipotuambia, bila kututazama. Siku ile ya vita yeye ndiye aliyekuwa na Alinga. Alikuwa bibi harusi mgeni, ametumwa sokoni Malaba kununua chumvi, na wifi yake mdogo akamfuata kwa sababu alimpenda. Watu wakaanza kukimbia kutoka darajani. Wakapita katikati ya malori mawili, na mkono wa mtoto ukamponyoka. Alimwita akizunguka malori yote mpaka sauti ikakauka, na jioni ikabidi arudi Chakol peke yake akamwambie mama mkwe. Tangu siku hiyo alikuwa hajaliita wala kulisikia jina hilo mahali pale, mpaka alipotelemka kwenye pikipiki akasikia binti yake mwenyewe analiita.

"Sikujua, mama," Anyait akasema. "Kuhusu wewe kumwita, sikujua."

"Sasa umejua. Liondoe jina hilo mle."

"Mama, bila jina hakuna gemu. Ndiyo kazi yenyewe. Next week naenda kuitetea. Mtu atampataje kama hana la kumwita?"

"Hilo swali," mama akasema, "nimelala nalo tangu kabla hujazaliwa."

Walibishana mpaka Sylvia akainuka na mtoto akatoka. Mimi sikubishana, nilikuwa nimejaa hasira kiasi cha kuogopa mikono yangu. Nilimwona dada yangu amekaa pale na masomo yake, na binti yangu anakauka. Asubuhi yake uzito ulikuwa umeshuka sana, tukapewa rufaa kwenda hospitali kubwa ya Busia. Huko wakamwekea mpira wa puani. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kizee. Nikatoka nje, nikampigia Anyait simu.

"Nakuja kuvunja hiyo kompyuta."

"Ukivunja haisaidii, bro. Iko kwa server ya chuo. Iko kwa msimamizi. Iko kila mahali."

"Kwa hivyo?"

Nikasikia analia, na hasira yangu yote ikaniisha, nikabaki na hofu tu.

"Lazima hilo jina nilitoe mimi," akasema. "Nikilitoa mimi linatoka kote. Lakini uje. Siwezi nikiwa na mama peke yetu."

Nilimwacha Sylvia wodini na dadake, nikarudi Malaba. Ilikuwa saa sita mchana, foleni imezimwa injini, kimya kile cha malori yanayopoa. Anyait alikuwa ameshaketi, mama kasimama nyuma yake. Kwanza alifuta sauti: yangu, ya Sylvia, yake, moja baada ya nyingine. Akaniambia kimebaki kitu kimoja, lile neno ambalo gemu linalisikiliza. Akishalitoa, mtoto hatamsikia mtu yeyote tena.

"Mwambie kwanza," mama akasema. "Jina la mtu si kofia, unyang'anye tu."

Nilidhani Anyait atakataa. Msomi yule, aliyekuwa akinisahihisha hata ninavyotamka jina la masomo yake, alisogeza maiki mdomoni akaita.

"Alinga."

Nyayo zikaja bila kusita. Mtoto akatoka kati ya malori mawili, akapita mstari ambao Anyait alikuwa amemwekea, akasimama mbele yetu na mgongo wake. Mama alikuwa hajawahi kuitazama skrini ile. Aliitazama sasa. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akaweka kidole pale penye kiganja cha mtoto, kwenye kioo.

"Mkono huu," akasema.

"Alinga," Anyait akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mtoto mgonjwa, "jina lako linaenda kwa mtoto wa Okiria. Anaumwa, analihitaji. Wewe hukufanya kosa lolote. Usikasirike."

Mtoto alikaa vile kwa muda. Kisha bega lake la kushoto likaanza kushuka, na kisigino kikazunguka kwenye kokoto, vilevile dada yangu alivyokichora wiki nzima. Alikuwa anageuka. Anyait hakuwa amempa uso. Nilimwona dada yangu ameduwaa, anataka kuona, jamani, alitaka kuona, na nikamshika bega nikapiga kelele. Akabonyeza kabla mtoto hajamaliza.

Zikabaki picha za malori. Baada ya muda miguu ikaonekana mbali, nyuma ya gurudumu, ikitembea. Mama akaita mara moja, kwa sauti. Miguu haikusimama.

Tulifika Busia alasiri. Mama alikuwa ameficha ajono kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na muuguzi aliyekuwa zamu alisikia harufu, akatutazama, akaenda kupanga shuka upande mwingine. Mungu ambariki. Mama akachovya kidole.

"Alinga."

Binti yangu akakishika kidole kwa ufizi, akanyonya, akanyonya mpaka mama akaguna kwa maumivu. Sylvia akamfungulia kifua. Wodi nzima ilisikia anavyomeza. Mama alikaa sakafuni akaweka kichwa kwenye ukingo wa kitanda, akasema, "Umekuja, umekuja, umechelewa sana," na mimi nilitoka nje nikalia kwenye maegesho ya bodaboda bila kujali nani ananiona.

Anyait alienda Nairobi juma lililofuata akatetea kazi yake kama ilivyobaki. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea akiwa ameanguka. Alinisimulia baadaye kwamba mtahini mmoja alikaa na gemu kwa muda mrefu, akitembea kando ya malori, akifuata ile miguu, mpaka akachoka akageuka kuuliza: sasa huyu ninamwitaje? Anyait alishindwa kujibu. Jopo likaandika kwamba kumnyima mchezaji jina la mtoto ni uamuzi wa mwelekezaji shupavu, wakampitisha kwa alama za juu, wakamwomba ruhusa ya kuonyesha gemu kwa wanafunzi wanaokuja.

Sylvia alichinja kuku. Ziada alituma mchele bure. Anyait alikula kidogo akashukuru kila mtu, na usiku huo hata kompyuta hakuifungua, wala kesho yake. Sasa anafundisha vijana kuchora huko Busia mjini, anakuja kwetu Jumapili baada ya misa, na Alinga wetu anatambaa nyumba nzima, anabomoa kila kitu. Nilichukua muda kugundua kwamba shangazi yake hamwiti kwa jina. Humwita "mama," humwita "wewe," humwita "mtoto wa Sylvia." Sylvia ameanza kuudhika, anadhani ni kinyongo cha masomo.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumeketi mimi na Anyait mlangoni baada ya chakula, foleni mbele yetu, na nikamuuliza bila kuzunguka.

"Unajua wanalicheza lile gemu?" akasema. "Chuoni. Wameliweka online, watu wa kila nchi wanalicheza. Naona comments. Wanasema wametembea masaa. Kila mtu anamwona miguu." Akafuta jicho kwa ukingo wa mkono, kwa hasira, maana hapendi kulia mbele yangu. "Alipotea akiwa na jina, bro. Angalau kulikuwa na kitu cha kumwita. Mimi ndiye nilimtoa mafichoni, nikamzoesha kuitwa, akawa anakuja mbio. Halafu nikamwacha mle. Hata leo nikitaka kumwita, nitamwita nani?"

Nilitaka kumwambia yule ni mchoro, neno hilo lilikuwa mdomoni tayari, na nilishindwa kulitoa.

Nyuma ya nyumba mama, aliyekuja kumwona mjukuu, alikuwa anaosha vyombo, na mtoto akawa amemtoroka tena. "Alinga!" akaita, kwa sauti kubwa, sauti ya furaha ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake nilipokuwa mdogo. "Alinga, weh! Njoo!"

Binti yangu akaitikia kwa kicheko, ndani ya nyumba, nyuma ya migongo yetu. Anyait hakugeuka. Wala mimi sikugeuka. Tulikuwa tumeinama wote wawili, tunatazama chini ya malori.